Kambale Niliyemzamisha

Kosa langu la kwanza katika kufuga samaki lilikuwa kumzamisha mmoja. Najua inachekesha, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiisimulia kwa namna ya kuchekesha ili watu wacheke na wasiulize zaidi. Lakini ilikuwa hivyo: nilikuwa na kambale, nikamjazia maji kupita kiasi, akafa kwa kukosa hewa. Nilikuwa darasa la tatu. Kwa wiki kadhaa za masika baada ya hapo niliishi nikiamini kwamba kwa kumuua yule samaki nilikuwa nimewaua na wazazi wangu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya harufu. Mwezi uliopita dada mmoja aliyepanga nyumba ya jirani na ninapoishi, Lipangalala, alinunua tangi la kioo lenye taa na pampu yake, akataka ndani yake awemo kambale. Alikuwa amesikia kwamba kambale hula mabaki yaliyolala chini na kumpunguzia mtu kazi ya kusafisha. Mtaani kwetu mimi ndiye mtu wa samaki. Sikusomea popote, nimejifunza kwa kuua, kusoma kwenye simu, na kuua tena kidogo. Tukaenda naye sokoni asubuhi, na nilipoinamia beseni la kwanza ile harufu ikanipiga usoni: tope, majani yaliyooza, na kitu kingine kama nguo iliyoanikwa ndani siku za mvua. Nikabaki nimeinama, nimesahau alichoniuliza.

"Sasa huyu anafaa au hafai?" alirudia.

"Hafai. Huyu atakuwa mrefu kama mkono wako. Atawala wenzake wote, halafu atakuangalia wewe."

Alicheka, akauliza nani alinifundisha mambo haya. Nikamwambia ni mama mmoja muuza samaki, zamani, nikiwa mtoto. Ni kweli, ila ni nusu. Nusu nyingine ndiyo hii.

Aliyekulia Ifakara anajua utaratibu wa nyumba nyingi. Mvua zikikaribia, wakubwa hufunga mizigo wakaenda kukaa shambani, na watoto wa shule hubaki mjini na yeyote anayeweza kubaki nao. Shamba letu lilikuwa ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga, ambako mama ndiko alikozaliwa. Daraja halikuwapo bado. Watu walivuka kwa kivuko, na wenye haraka kwa mtumbwi. Baba na mama waliondoka na majembe, sufuria, chandarua na magunia matupu, wakakarabati kibanda chao cha mwaka uliopita, wakalima mpunga na kufukuza ndege, na kuja mjini mara moja moja kutuletea mboga na kuchukua chumvi. Mimi nilibaki na shangazi, dada yake baba, aliyekaanga na kuuza maandazi tangu kabla sijazaliwa na ambaye hakupenda kuona mtu ameketi tu.

Sikuwa mtoto wa kubaki. Wenzangu walifurahia wazazi wao kwenda shamba, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwauliza walikokuwa. Mimi nilikuwa nahesabu siku, nahesabu mvua, nahesabu watu waliopita barabarani wakitokea upande wa kivukoni. Ndala za mama alizoziacha nilizipanga mlangoni zikitazama ndani, na mtu akizisogeza kwa mguu nilirudi kuzinyoosha. Usingizi ulinipata kwa shida. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeng'ang'ania khanga ya mama pale kivukoni mpaka watu tusiowajua wakasaidia kunibandua, na baba alivuka akiwa ametupa mgongo, hakugeuka kuniangalia hata mara moja.

Mwaka ule wa darasa la tatu, baba alikuja na mpango. Shangazi alikuwa na kabati la kioo la kuwekea maandazi, lile la kukaa juu ya meza barazani, ambalo mlango wake ulishavunjika. Baba alililaza chali, akaziba pembe zote kwa gundi ya mafundi wa madirisha, akaliacha siku mbili likauke, kisha akatia maji mpaka nusu. Juu ya maji kukatanda mafuta ya maandazi ya miaka yote ile, tukayachota kwa kijiko. Halafu akamwaga humo kambale mdogo, urefu wa kiganja changu cha wakati ule, aliyemkuta kwenye mfereji wa shamba la rafiki yake kule Katindiuka.

"Huyu ni wako," alisema. "Sisi tunalinda mpunga, wewe unalinda huyu. Ukimtunza vizuri, na sisi tutarudi salama."

"Na nisipomtunza?"

Baba alikuwa anafunga gunia, ncha ya kamba ameing'ata. "Kwa nini usimtunze? Wewe mtunze tu."

Niliona kwamba hakujibu. Mtu mzima akikwepa swali, mimi nilidhani jibu ni baya sana ndiyo maana halisemwi. Asubuhi yake sikulia kivukoni. Niliwaaga kama mtu mwenye kazi ya kurudia nyumbani, na baba safari hii aligeuka akanipungia mkono. Watu walisema nimekua. Sikuwa nimekua, nilikuwa nimesaini mkataba.

Nilimlinda yule kambale kwa namna ambayo leo nikiikumbuka nachoka. Nilijua kwamba ana sharubu nane, nne juu na nne chini, na nilizihesabu kabla ya shule na baada ya shule. Nilimpa pumba kidogo na minyoo niliyoiosha kwanza. Nilimwekea mawe niliyoyapanga kwa ukubwa, na akiyasogeza niliyapanga tena. Jambo moja tu lilinisumbua. Kila baada ya muda aliacha mawe yake, akapanda juu moja kwa moja, akatoa mdomo nje ya maji, akafungua na kufunga, kisha akashuka. Nilitafakari sana maana yake. Mwisho nikaamua kwamba mtu anayeinua uso na kufungua mdomo ana kiu. Anaomba maji. Basi kila siku nikamwongezea kikombe kimoja, halafu viwili.

Shangazi hakumpenda. Alimwita mdudu wenu. "Hayo maji yaliyotuama, mbu watazaliana humo," alisema siku moja akipita na sinia. "Yafunike, la sivyo nayamwaga nje pamoja na mwenyewe." Akanipa kioo cha zamani cha dirisha kilichoenea vizuri kabisa juu ya lile kabati.

Hapo ndipo kupenda kwangu ukamilifu kulipofanya kazi yake. Kati ya maji na kioo palikuwa na nafasi ya hewa, na ile nafasi niliiona kama ukurasa wa daftari uliobaki mistari mitupu. Baba aliacha maji nusu. Mimi niliona ni kazi ambayo hakuimaliza. Nikamimina taratibu, nikasukuma kioo kwa kidole, nikamimina tena, mpaka maji na kioo vikagusana bila hata povu moja. Nililala kifudifudi sakafuni kuangalia kutoka upande, nikaona limekuwa bonge moja la maji, safi, lisilo na ufa. Niliridhika sana. Nikaenda shule.

Niliporudi mdomo wake ulikuwa umegusa kioo kwa ndani. Nilikifunua nikamgusa, akageuka tumbo juu.

Nilimzika nyuma ya jiko, chini ya migomba, kabla shangazi hajarudi kutoka kuuza. Alipouliza mdudu yuko wapi, nikasema amejificha kwenye mawe. Jioni ile nilikuwa namsaidia kugeuza maandazi kwenye mafuta. Nilikuwa nimeanza mafundisho ya komunyo ya kwanza, na dhambi zilikuwa kichwani.

"Shangazi, kuua samaki ni dhambi?"

"Basi baba yako, na samaki wote anaovua, hana pa kwenda," alisema. "Geuza hilo, linaungua."

Hakujua alichosema. Mimi nilikisikia kama hukumu iliyosomwa na mtu asiyehusika. Na siku ya tatu baada ya mazishi, mvua ikaanza. Haikuwa ile ya kunyesha ikapita. Ilikuwa ile inayokaa, ambayo asubuhi unaamka unaisikia kwenye bati kabla hujafungua macho, na watu wanaanza kuulizana mto umefika wapi.

Jumamosi nilichukua ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko, nikaenda sokoni kwa Mama Zuhura. Alikuwa muuza samaki ambaye shangazi alinunua kwake, mnene, mwepesi wa kisu, na kila mtoto wa kiume alimwita mchumba.

"Shikamoo."

"Marahaba, mchumba. Shangazi kakutuma?"

"Hapana. Nataka kambale mdogo, aliye hai. Urefu hivi." Nikamwonyesha kiganja. "Awe na sharubu nane."

Mama Zuhura alimgeukia mwenzake wa meza ya pili. "Sikia mteja wangu. Watu wanauliza minofu, huyu anauliza ndevu." Kisha kwangu: "Ulikuwa naye mwingine?"

"Alikufa."

"Alikufaje?"

Nikamweleza: kabati, kioo, jinsi alivyokuwa akiomba maji, na jinsi nilivyojaza vizuri mpaka hapakubaki hata povu. Alikuwa anafuta kisu kwenye kitambaa, akaacha.

"Basi umemzamisha, mwanangu. Kambale anapanda juu kuvuta hewa, kama mimi na wewe. Ndiyo maana mfereji ukikauka unamkuta kwenye tope yuko hai, anakutazama. Hakuwa anaomba maji. Alikuwa anahema." Akacheka, lakini si kwa ubaya. "Miaka yote hii nauza samaki, sijawahi kusikia aliyekufa maji."

Mwenzake naye alicheka. Mimi nilisimama pale na ndoo yangu. Mpaka dakika ile nilidhani kambale amekufa tu, kama wafavyo. Sasa nilijua kwamba aliniambia anachotaka, kila siku, usoni pangu, na kila siku nikampa kinyume chake.

Kambale wadogo siku hiyo hawakuwapo. Mto ulikuwa umepanda na mitego ilitoka mitupu. Lakini kwenye beseni chini ya meza kulikuwa na samaki wadogo wasionunulika, wa jamii hiyo hiyo ya wenye sharubu, na Mama Zuhura aliniambia nichague mwenyewe, bure. Nilichuchumaa nikahesabu. Walikuwapo ngogo, wafupi, wenye madoadoa na mwiba mgongoni, sharubu sita. Na alikuwapo kitoga mmoja wa rangi ya fedha, kichwa bapa, sharubu nane.

"Ungechukua ngogo," alisema Mama Zuhura. "Kitoga ni wa maji yanayokimbia."

"Ngogo ana sharubu sita."

"Haya, bwana sharubu."

Leo mtu akinitaka nimchagulie samaki wa aina hii, namuuliza tangi lake lina ukubwa gani, maji yanazunguka au yametulia, na humo ndani wanaishi nani wengine, maana yeyote anayeenea kwenye mdomo wa kambale ni chakula. Ni maswali ya kawaida. Mimi siku ile sikujiuliza hata moja. Sikuwa nachagua samaki wa kuishi kwenye lile kabati. Nilikuwa nachagua samaki wa kumdanganyia baba, na labda wa kuudanganya ule mto. Mkia wa kitoga ulikuwa na panda na wa kambale ni wa mviringo, nikajiambia baba hataangalia mkia.

Kitoga aliishi kwangu siku tatu. Nilimwachia hewa nyingi, kwa sababu sasa nilikuwa najua. Alijibanza pembeni akitetemeka, hakula, na siku ya tatu alikuwa juu, mdomo wazi, mashavu yakipiga haraka. Nikasema anataka hewa zaidi, nikapunguza maji. Akazidi. Nikapunguza tena mpaka mgongo wake ukakaribia kutokeza. Kumbe yeye si wa kuvuta hewa kama kambale. Alitaka maji mapya yanayotembea, na mimi nilikuwa nimempa kidimbwi kilichochoka. Nilimkimbiza sokoni kwenye ndoo, mvua ikininyeshea, nikimwambia njiani avumilie.

Mama Zuhura alichungulia ndooni, akanitazama na mimi.

"Huyu tumwache aende."

"Aende wapi?"

"Kwangu. Na ugali."

Nililia pale pale, mbele ya wateja. Alinifuta uso kwa pindo la khanga yake lililonuka samaki, akasema siyo kosa langu wala la kitoga, hatukufaana tu. Kisha akachota ngogo mmoja kwa kikombe. Alipomtoa majini, yule samaki akatoa sauti, krr, krr, kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta. Niliruka nyuma.

"Analia."

"Anagomba. Ngogo wote wanagomba ukiwatoa majini. Akigomba yuko mzima, akinyamaza ndiyo uje. Usimshike kwa wavu wala kwa kitambaa, ile miiba yake inajifunga, hutamtoa. Mchote hivi. Mwekee kigae cha chungu ajifiche, mbadilishie maji kidogo kidogo, na umwache apumzike. Unasikia? Umwache."

Nilimwacha, na ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Alikaa chini ya kigae chake kutwa, wakati mwingine akiwa amejigeuza tumbo juu, akiramba kigae kwa chini kama fundi anayepaka rangi dari. Alikula. Hakufa kesho yake wala keshokutwa yake. Nilipaswa kufurahi, lakini kila nilipomhesabu zilikuwa sharubu sita, na mvua haikuacha. Nilishaandaa maneno: nyingine mbili zimekatika. Niliyafanyia mazoezi mbele ya kioo cha shangazi mpaka yakatoka bila kutetemeka.

Baba na mama walikuwa wamesema watakuja Pasaka. Jumapili ya Matawi, watu wa baiskeli waliotoka upande wa mto walisema kivuko kimesimama, maji yamepanda mno, na hata wenye mitumbwi wanakataa. Shuleni watu walisema hivi na vile. Kwamba ng'ambo vibanda vimeingia maji, kwamba watu wamelala juu ya miti. Sikumuuliza mtu yeyote lolote. Niliyekuwa na jibu nilikuwa mimi.

Jumatano ya wiki ile sisi wa komunyo tulipelekwa kuungama kwa mara ya kwanza. Wenzangu walikuwa wamejiandaa na matusi na sukari za kuiba. Zamu yangu ilipofika nilipiga magoti nikasema kwa haraka, kabla sijaogopa:

"Nimewaua wazazi wangu."

Upande wa pili kiti kiligonga ukuta. "Umesema nini?"

"Baba na mama. Nimewaua."

"Wako wapi sasa?"

"Shambani. Ng'ambo."

"Walikufa lini?"

"Bado," nilisema.

Padri alishusha pumzi ndefu. Akaniambia nianze mwanzo, nikaanza kwenye kabati la maandazi. Alinisikiliza mpaka kwenye sharubu, na nadhani kuna mahali alikohoa bila kuwa na kikohozi. Mwisho akasema hakuna aliyeuawa anayemwona, ila mwongo mmoja anamwona. Malipizi yangu yalikuwa jambo moja tu: niende nyumbani siku hiyo hiyo nimwambie shangazi yote, hata yale ya sharubu.

Shangazi alikuwa anakanda unga, amenipa mgongo. Ilikuwa afadhali. Nikauambia mgongo wake kwamba samaki aliyemo kabatini siye.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Nimepara samaki tangu nina umri wako, nitashindwa kumjua ngogo? Nilidhani umemchoka yule wa kwanza ukabadilisha. Watoto mnachoka."

Nikamwambia kwamba sikumchoka, nilimzamisha. Akaendelea kukanda. Nikamwambia aliyoyasema baba: nikimtunza ndiyo watarudi salama. Na sikumtunza, na sasa mto umejaa, na Pasaka hawatakuja, na hawatakuja tena.

Mikono yake ikasimama. Akageuka, unga umefika kwenye viwiko. Alinitazama akiwa na uso ambao sikuwa nimewahi kuuona kwake, halafu akarudi kwenye sauti yake ya kila siku.

"Kivuko kimesimama tangu Jumapili. Watu wangapi wamekwama huko? Mwalimu wako wa hesabu yuko huko, alikwenda msibani. Mume wa jirani yuko huko. Yule kijana wa mkaa yuko huko. Wote hao samaki wao wamekufa?"

Sikuwa nimewaza hivyo. Nilijaribu kumfikiria mwalimu wa hesabu akiwa na kambale.

"Sijui," nilisema.

"Kijana wa mkaa hana samaki," alisema shangazi. "Hana hata kuku. Nawa mikono uje ukate maandazi."

Nilikata. Niliyakata yote yakiwa na ukubwa tofauti, na hakuniambia kitu. Jioni ile nilikula chakula nikakimaliza, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa siku nyingi. Lakini nusu ya mzigo ilibaki, kwa sababu kujua kwamba kijana wa mkaa hana samaki si sawa na kumwona mama yako. Pasaka tulikula wali na kuku, mimi na shangazi peke yetu. Yeye alisema mara tatu kwamba kuku ni mtamu, na mara zote tatu alikuwa akitazama barabarani.

Walikuja Alhamisi baada ya Pasaka, mchana. Nilisikia kengele ya baiskeli, kisha sauti ya mama ikimsalimia jirani. Baba alikuwa anasukuma baiskeli yenye gunia la mahindi mabichi na maboga. Mama alikuwa na mzigo kichwani. Wote wawili walikuwa na tope mpaka magotini na wamekonda. Shangazi alitoka mbio akiwa na mwiko mkononi. Mimi sikukimbia. Nilikwenda nikasimama mbele ya kabati, mikono nyuma.

Baba aliingia akaniona. "Mbona umesimama kama askari wa benki? Hutusalimii?"

"Shikamoo baba. Shikamoo mama." Nikavuta pumzi nitoe yale maneno niliyoyafanyia mazoezi, na yakatoka mengine. "Huyu si yule. Yule nilimzamisha. Wa pili alikuwa kitoga, aliliwa. Huyu ni ngogo, ana sharubu sita, hakuna zilizokatika."

Baba aliinama akachungulia. "Ngogo kweli," alisema. "Mzima. Umemlisha nini?" Akaanza kucheka.

"Mko hai?" nikauliza.

Hapo akaacha kucheka. Mama alitua mzigo wake chini. "Kwa nini tusiwe hai?"

"Baba alisema nikimtunza samaki ndiyo mtarudi salama."

Mama alimgeukia baba. Hakupandisha sauti, alikuwa amechoka mno kwa hilo. "Ulimwambia hivyo? Mtoto huyu, wa kuhesabu kila kitu?"

"Nilisema tu," baba alisema. Aliketi kwenye kigoda cha shangazi, tope likidondoka kutoka miguuni kwake. Kwa muda alichezea kofia yake. "Akilia pale kivukoni mimi nashindwa kuondoka. Msimu uliopita nilivuka sioni mbele. Nikatafuta kitu cha kumwambia." Kisha akaniambia mimi, akinitazama: "Nilikosea kusema vile. Yule kambale nilimpata tu mferejini. Hana habari na sisi."

Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mzima akisema amekosea, na akaendelea kukaa pale pale kwenye kigoda, bila kitu chochote kumtokea.

Mama alinivuta akanikalisha kwenye mapaja yake, mkubwa kama nilivyokuwa, kwenye khanga iliyolowa. "Mwanangu," alisema, "mto ulijaa kwa sababu mvua ilinyesha."

Ni sentensi ya kawaida kabisa. Niliirudia moyoni nikijaribu kutafuta mahali ambapo mimi nimo, na sikupaona. Sikuwamo. Mvua, mto, kivuko, wazazi wangu waliosubiri siku kumi juu ya kichuguu pamoja na watu wengine na mbuzi wao, mpaka maji yakashuka wakavuka. Katika yote hayo hapakuwa na mkono wangu. Walirudi bila kambale. Walirudi ingawa kambale alikufa, ingawa nilidanganya, ingawa sharubu hazikutosha. Nililala mchana ule ule juu ya magunia yao yaliyonuka moshi, na hakuna aliyeniamsha kula.

Sitaki kusema nilipona siku moja. Bado ni mtu wa kunyoosha vitu. Naosha changarawe mara tatu, na kabla sijamruhusu dada yule wa jirani kumwingiza kwenye tangi ngogo niliyemchagulia badala ya kambale nilimfanya asubiri wiki mbili maji yatulie, mpaka akaniuliza kama namfuga samaki au nampeleka seminari. Samaki akinifia nahuzunika kuliko inavyostahili, na hujiuliza nilikosea wapi, na mara nyingi nakuta nilikosea kweli. Naandika nilichokosea, nabadilisha maji, naendelea.

Wazazi wangu bado wanalima ng'ambo. Wamezeeka kidogo, na siku hizi wanavuka kwa daraja, lakini maji bado hupanda na bado kuna siku simu zao hazipatikani. Kila msimu nawasaidia kufunga mizigo, nawasindikiza, narudi nyumbani. Na usiku huo nalala.